Kinachobonyea Ndicho Kiokoacho

Lisimamishe kopo tupu la soda sakafuni, kisha, hali umevaa kiatu, ulikanyage kwa kisigino. Litajikunja likawa bapa, nawe hutasikia maumivu. Sasa waza kwamba mahali pa kopo pangekuwa na jiwe: kishindo chote kingekurudia mguuni. Katika tofauti hiyo ndogo imo siri iokoayo maisha ya watu barabarani.

Motokaa iendayo mwendo wa kilomita 50 kwa saa ikigonga ukuta, kishindo chake ni sawa na cha motokaa iliyoanguka kutoka juu kiasi cha mita 10. Nguvu hiyo haina budi kwenda mahali. Iwapo abiria atasimamishwa katika nafasi ya sentimita 10 tu, mwili wake hupatwa na nguvu iliyo karibu mara 100 ya uzito wake. Akisimamishwa katika sentimita 60, nguvu hiyo hushuka hata mara 16 hivi. Kwa hiyo, kila sentimita ya bati linalojikunja mbele ya gari ni faida kwa aliyeketi ndani.

Zamani wengi waliamini kuwa gari imara ni lile lisilobonyea kabisa. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz alipinga wazo hilo, na mwaka 1959 kiwanda hicho kilitoa gari ambalo pua na mkia wake vilikusudiwa kubonyea, ilhali chumba cha abiria ni kigumu. Siku hizi, nyuma ya bampa za magari mengi mna mirija ya chuma au alumini, yenye kuta nyembamba, iliyoundwa ijikunje pete kwa pete kama lile kopo.

Wahandisi watafutao mirija iliyo bora zaidi wamekwenda kujifunza kwa viumbe. Sega la nyuki lina vyumba vya pembe sita ambavyo kuta zake huegemeana. Sega la alumini la namna hiyo lilitiwa katika miguu ya chombo kilichowafikisha watu mwezini mwaka 1969, ili lipondeke na kupokea kishindo. Mwanzi una uwazi ndani, lakini vifundo vyake huuzuia usibonyee ovyo. Balungi nalo huanguka kutoka mtini bila kupasuka, kwa kuwa sehemu nyeupe ya ganda lake ni nene na laini kama sifongo. Kwa kuiga hayo, wataalamu hujaribu mirija yenye vyumba vingi, au yenye vizuizi mfano wa vifundo.

Hata hivyo, mrija hufaa ukijikunja kwa utaratibu kuanzia ncha, tena hutumika mara moja tu. Gari likigongwa, mirija hiyo ibadilishwe. Isinyooshwe kwa nyundo, wala mahali pake pasichomelewe bomba nene la chuma. Bomba hilo litalihifadhi bati na kumtoa abiria sadaka.

Wazazi nao wakumbuke kwamba mtoto wa kilo 10, katika kishindo kile cha mara 16, huwa kama mzigo wa kilo 160. Hakuna mikono iwezayo kuuzuia. Mfungeni katika kiti chake, nanyi jifungeni mikanda, maana faida ya bati linalobonyea humfikia yule aliyefungwa pamoja na gari.