Breki ya sumaku: Kwa nini majibu ya kompyuta huharibika diski ikianza kuzunguka

Treni ya Ujerumani ya ICE 3 ina breki isiyogusa reli. Sumaku-umeme hushushwa karibu na reli, na kwa kuwa treni inakwenda, ndani ya chuma huzuka mikondo ya umeme inayojizungusha kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Hiyo ndiyo mikondo ya edi, na ndiyo inayoivuta treni nyuma.

Breki kama hii hujaribiwa kwanza kwenye programu kama COMSOL, Ansys Maxwell au Elmer, ambayo ni ya bure. Kifaa kikiwa kimesimama, mambo huwa shwari. Kikianza kutembea, namba zinaruka juu chini au programu inagoma kabisa.

Cha kwanza kuangalia ni muda. Chukua diski ya alumini yenye matundu, inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Ukiiambia programu ihesabu kila milisekunde 5, diski inaruka robo mzunguko kwa mkupuo, na tundu linapita chini ya sumaku bila kuonekana. Shusha hadi 0.1, diski itasogea nyuzi 1.8 tu. Kompyuta itachelewa, hilo halikwepeki.

Kuna njia ya mkato: diski inabaki imesimama, programu inapewa kasi yake kama namba. Ni ya haraka sana, ila ni kwa diski nzima tu, isiyo na matundu wala meno. Ukiilazimisha kwenye yenye matundu, jibu linakuja, tena linapendeza, kumbe si sahihi.

Halafu kuna vipande vidogo ambavyo programu huikata diski. Kasi ikipanda, mikondo hujibana karibu na uso. Kwenye alumini, sumaku inayobadilika mara 50 kwa sekunde hupenya takriban milimita 12. Ikibadilika mara 200, ni 6 tu. Ndani ya kina hicho vinatakiwa vipande viwili au vitatu, angalau.

Lakini usiilaumu programu kwa kila kitu. Kasi ikivuka kiwango fulani, nguvu ya breki hushuka kweli, kwa sababu mikondo yenyewe huusukuma nje usumaku wa breki. Anayeona mshuko huo ni hitilafu na kuufuta anaweza kuishia na breki inayolegea treni ikiwa kwenye kasi kubwa.

Kipimo rahisi: weka kasi sifuri, nguvu ya breki nayo lazima iwe sifuri. Ongeza kasi kidogo, nguvu ikue sambamba nayo. Ikikataa hapo, hakuna haja ya kujaribu mwendo wa treni.