Nani hukagua idadi inayotangazwa na serikali?

Idadi ya wakimbizi katika makazi hutumika kupanga kiasi cha chakula kitakacholetwa, visima vitakavyochimbwa na walimu watakaoajiriwa. Nchini Uganda inawagusa wenyeji pia, kwa sababu mpango ni kwamba takriban asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi iwafikie jamii zinazowapokea. Idadi ikizidi ukweli, wafadhili hupoteza imani na kuzuia fedha zao. Ikipungua, kuna familia zitakazolala njaa.

Kwa hiyo ni haki kuuliza: anayehesabu anakaguliwa na nani?

Yaliyotokea Uganda mwaka 2018

Mwanzoni mwa 2018, takwimu zilionyesha kuwa Uganda ina wakimbizi wapatao milioni 1.4. Mwezi Februari zilitokea tuhuma kwamba idadi hiyo imeongezwa na kwamba kuna maofisa wanaojinufaisha. Kuanzia Machi hadi Oktoba, Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) na UNHCR waliendesha uhakiki katika makazi yote na mjini Kampala. Watu walitakiwa kufika wenyewe, na kumbukumbu zao zikathibitishwa kwa alama za vidole na mboni za macho. Waliohakikiwa walikuwa takriban milioni 1.1.

Pengo hilo la watu karibu 300,000 halimaanishi kwamba kila jina lilikuwa la uongo. Mtu anaweza kuwa amerudi kwao, amehamia mahali pengine, amefariki au ameandikishwa mara mbili. Lakini lilionyesha kwamba daftari lisilokaguliwa huachana na ukweli polepole.

Kulikuwa na ukaguzi mwingine pia. Wakaguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa (OIOS), ambao hawako chini ya UNHCR, walichunguza shughuli za UNHCR Uganda. Ripoti yao, iliyotolewa hadharani mwaka huohuo, ilitaja kasoro katika manunuzi na usimamizi wa fedha.

Anayehesabu na anayekagua

Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake. Ofisi inayopata fedha kutokana na idadi fulani haifai kuwa ndiyo pekee inayoithibitisha.

Uingereza imeiweka kanuni hii katika sheria ya mwaka 2007. Ofisi moja hutengeneza takwimu, nyingine huzikagua, na mkaguzi huwajibika kwa Bunge, si kwa waziri. Mkaguzi akiona waziri ametumia takwimu vibaya, humwandikia barua na kuitoa hadharani. Anaweza pia kuziondolea takwimu alama ya ubora. Januari 2014 alama hiyo iliondolewa kwenye takwimu za uhalifu zilizorekodiwa na polisi wa England na Wales, kwa sababu hazikuaminika vya kutosha.

Uganda ina Shirika la Takwimu (UBOS), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1998 na lenye bodi yake. Hakuna mkaguzi wa takwimu aliyetengwa kama wa Uingereza, lakini kuna miongozo inayoihusu kila nchi. Kanuni za Msingi za Takwimu Rasmi zilipitishwa na Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1994, na Baraza Kuu likaziidhinisha mwaka 2014. Zinataka takwimu zisipendelee upande wowote, njia za kuhesabu zielezwe wazi, na habari za mtu binafsi zibaki siri.

Sensa si usajili

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Katika sensa ya Uganda ya Mei 2024, wakimbizi walihesabiwa pamoja na raia. Majibu uliyompa karani wa sensa ni ya takwimu tu. Hayaongezi wala hayapunguzi mgao wako, na hayapaswi kutumika dhidi yako.

Usajili wa OPM na UNHCR ni jambo jingine. Huo unabeba jina lako, familia yako na hadhi yako ya ukimbizi, na ndio unaotumika katika mgao wa chakula. Kuhesabiwa kwenye sensa hakuchukui nafasi ya kujisajili.

Wewe unaweza kufanya nini?

Hakikisha habari za familia yako ni sahihi. Mtoto akizaliwa, mtu akifariki au akihama, toa taarifa kwenye ofisi ya usajili.

Itikia wito wa uhakiki ukitangazwa. Asiyefika anaweza kuondolewa kwenye orodha ya mgao.

Usilipe. Usajili na uhakiki ni bure. Ukiombwa pesa, au ukiona jina limeandikwa kwa udanganyifu, piga simu ya bure ya FRRM, 0800 32 32 32. Jamii za wenyeji pia zina haki ya kulalamika.

Uliza kwenye mikutano. Kiongozi akitaja idadi, iwe ya wakimbizi, ya wanafunzi au ya wagonjwa, muulize: nani alihesabu, lini, kwa njia gani, na nani mwingine alithibitisha? Si utovu wa adabu kuuliza hivyo. Idadi iliyohesabiwa vizuri ina majibu ya maswali hayo yote.