Makarani Waliofungua Chuo: Kakamega Katika Miaka ya Korona

Kila mwaka, Agosti inapokaribia, nyumba nyingi za Pwani huingia katika shughuli ya namna moja. Sanduku hununuliwa, shuka hukunjwa, jamaa huchanga kila mtu kwa uwezo wake, na kijana aliyepata nafasi katika chuo cha bara huanza kuhesabu siku. Baadhi ya vijana hao huelekea Kakamega, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa, ambako kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Chuo hicho kilianza kama taasisi ya jamii ikijulikana kwa jina la WECO, kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2002, na kikasimama chenyewe kama chuo kikuu kamili mwaka 2007.

Tunapozungumzia chuo, aghalabu tunawataja wahadhiri na wanafunzi. Ni nadra kumtaja msajili, karani wa masjala, mtunza mabweni, mhasibu wa karo, mpanga ratiba, mfagizi au bawabu wa lango. Hao ndio wafanyakazi wa utawala na wa huduma, na kazi yao haionekani mpaka siku itakapoharibika. Makala haya yanakusudia kueleza kazi waliyoibeba katika miaka ya 2020 na 2021, wakati maradhi ya korona yalipoufanya mwaka wa masomo usiwe na mwanzo wala mwisho unaojulikana. Ndugu msomaji atuvumilie tukihesabu tarehe na vipimo, kwa sababu humo ndimo uzito wa kazi yenyewe ulimokuwa.

Amri hutangazwa kwa dakika, kazi huchukua miezi

Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru taasisi za elimu zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi tarehe 20 Machi kuwaondoa wanafunzi. Vijana wa Pwani walirudi nyumbani na mkoba mmoja, wakidhani ni mapumziko ya wiki chache. Tarehe 8 Aprili mipaka ya Mombasa, Kwale na Kilifi ikafungwa; ya Kwale na Kilifi ilifunguliwa tena Juni, na ya Mombasa haikufunguliwa hadi Julai. Godoro, vitabu na sufuria vilivyoachwa Lurambi na Kefinco, mitaa ya Kakamega wanakopanga wanafunzi wengi, vilibaki huko huko, na wenye nyumba wakaendelea kudai kodi.

Julai 2020 Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kuwa masomo ya ana kwa ana yangerejea Januari 2021. Baadaye baadhi ya wanafunzi wa vyuo wakaruhusiwa kurudi kwa awamu kuanzia Oktoba. Tangazo la namna hiyo husomwa kwa dakika chache, lakini kwa mfanyakazi wa utawala kila sentensi yake huzaa orodha. Ni nani atakayerudi kwanza? Atalala wapi? Ataketi chumba gani, saa ngapi, na pamoja na nani? Aliyekwisha kulipia muhula ambao hakuusoma, fedha zake zihesabiwe vipi? Aliyefanya nusu ya mitihani, alama zake ziwekwe wapi?

Hesabu ya mita moja na nusu

Tuchukue jambo moja tu lililoonekana dogo, nalo ni amri ya kukaa umbali wa mita moja na nusu. Chumba chenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 9 kina eneo la mita za mraba 135. Kila mwanafunzi akipewa mraba wa mita moja na nusu kila upande, anahitaji mita za mraba 2.25. Ukigawanya, chumba hicho kinachukua watu 60. Kabla ya maradhi, wanafunzi 120 wangeweza kuketi humo bila taabu.

Maana yake ni kwamba darasa lililokuwa likisomeshwa mara moja lilihitaji kusomeshwa mara mbili, na chumba kilichotumika saa mbili kilihitajika kwa saa nne, pamoja na muda wa kupangusa viti na kufungua madirisha kati ya kundi na kundi. Vyumba ni vile vile na wahadhiri ni wale wale. Mpanga ratiba alitakiwa apate saa zaidi katika siku isiyoongezeka, naye wakati huo huo alikuwa amebanwa na kafyu. Kafyu hiyo ilianza saa moja jioni Machi 2020, ikasogezwa saa tatu usiku Juni, ikawa saa tano Septemba, kisha ikarudishwa saa nne Novemba. Kila ilipohama, masomo ya jioni yalipaswa kuhama nayo.

Mtunza mabweni naye alikuwa na hesabu yake. Kitanda cha juu na cha chini havina umbali wa mita moja na nusu, kwa hiyo kila kitanda kilichoachwa wazi kilikuwa na mwanafunzi aliyekosa mahali. Mwanafunzi huyo hakuwa nambari. Pengine alikuwa binti wa Lamu au wa Msambweni, ambaye wazazi wake walikubali asafiri kwa kuwa waliahidiwa kuwa atalala ndani ya uzio wa chuo.

Wajuzi wa mafaili wapelekwa nyumbani

Tarehe 4 Novemba 2020, katika wimbi la pili la maradhi, Rais aliagiza watumishi wa umma wenye umri wa miaka 58 na zaidi, pamoja na wenye maradhi ya muda mrefu, wafanye kazi wakiwa nyumbani. Agizo hilo lilikuwa la busara, kwani lilikusudiwa kuokoa roho za watu. Hata hivyo lilitolewa miezi miwili tu kabla ya Januari, na katika taasisi yoyote ya umma lilimgusa mtu yule yule anayejua faili la mwaka fulani limewekwa kabati gani.

Karani aliyekaa masjala miaka thelathini ana elimu isiyoandikwa. Anajua kuwa wanafunzi wawili wenye jina moja walisajiliwa siku moja, na kwamba mmoja wao aliwahi kubadilisha kozi. Anajua risiti za zamani zilivyoandikwa kabla ya mfumo wa kompyuta. Mtu kama huyo akikaa nyumbani, kijana aliyebaki ofisini hulazimika kupiga simu kwa kila jambo, na mzee huyo hukaa sebuleni kwake na simu sikioni akieleza mahali pa kutafuta. Wahadhiri waliweza kusomesha kwa mtandao, lakini faili la karatasi na ufunguo wa bweni havipitishwi mtandaoni.

Mtandao wenyewe ulikuwa na habari yake. Julai 2020, kampuni ya Telkom ikishirikiana na Loon ilizindua maputo makubwa ya kurusha intaneti kutoka angani, na Kakamega ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotajwa kufikiwa. Mradi huo ukafungwa mapema mwaka 2021. Wanafunzi waliokuwa wakipanda vilima kutafuta mawimbi wakarudi kununua bando, na waliposhindwa kujisajili mtandaoni walifanya kama zamani: walimpigia simu karani.

Mwaka 2021: kufungua mara ya pili

Shule zote nchini zilifunguliwa tarehe 4 Januari 2021. Haikutimia miezi mitatu. Tarehe 26 Machi masomo ya ana kwa ana yakasimamishwa tena, vyuo vikuu vikiwemo, isipokuwa kwa watahiniwa. Ratiba zilizokesha zikipangwa zikawa karatasi tupu. Mwanzoni mwa Mei vizuizi vikalegezwa, na kazi ikaanza upya.

Kisha maradhi yakahamia magharibi. Aina ya kirusi iitwayo Delta iligunduliwa Kisumu, na kuanzia tarehe 18 Juni 2021 kaunti 13 za kanda ya Ziwa na Magharibi, Kakamega ikiwa mojawapo, ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Sehemu nyingine za nchi zilibaki na saa nne usiku. Sisi wa Pwani tulikuwa tumeonja adhabu ya namna hiyo mwaka uliotangulia mipaka yetu ilipofungwa, na sasa zamu ilikuwa yao.

Katika hali hiyo ndipo yalipofanywa maandalizi ya mwaka mpya wa masomo. Matokeo ya KCSE ya 2020 yalitangazwa tarehe 10 Mei 2021, na waliopata alama ya C+ na zaidi, yaani sifa ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 143,140. Mwaka uliotangulia walikuwa 125,746. Kundi kubwa zaidi lilikuwa linakuja, na waliotangulia walikuwa bado hawajamaliza mihula yao. Agosti, serikali ikaagiza watumishi wote wa umma wawe wamepata chanjo kufikia tarehe 23. Bawabu wa lango aliyekuwa amepima joto la maelfu ya watu kwa mkono wake mwenyewe alipanga foleni ya chanjo, kisha akarudi langoni kupokea wanafunzi wapya.

Si haki kueleza haya bila kutaja kuwa vyuo vya umma viliingia katika janga hili tayari vikiwa na madeni mazito. Karo ya wanafunzi wa kujilipia ilikuwa imepungua kwa miaka kadhaa, na vyama vya wafanyakazi kama KUSU na KUDHEIHA vilikuwa vimelalamika mara nyingi kuhusu malipo na makato kucheleweshwa. Watu walioambiwa waandae mazingira salama ya wengine walikuwa na wasiwasi wa mishahara yao wenyewe. Kuna jambo la kutafakari hapa, kwa kuwa chuo cha Masinde Muliro kinajulikana nchini kwa kusomesha elimu ya kukabiliana na maafa. Miaka hiyo miwili ilionyesha kuwa maafa yanapofika, anayeyakabili kwanza mara nyingi ni mtu mwenye daftari na shada la funguo.

Yanayotuhusu sisi wazazi

Mafunzo ya miaka ile hayajaisha muda wake, na familia za Pwani zina ya kuchukua.

La kwanza ni majina. Vijana wetu wengi wana jina moja katika cheti cha kuzaliwa, jingine katika cheti cha KCSE, na jingine katika kitambulisho. Mohamed huwa Muhammad, Swaleh huwa Saleh, jina la babu huwekwa mahali pa jina la baba, na “bin” huonekana hapa na kupotea pale. Mfumo wa kompyuta haujui kuwa hao wote ni mtu mmoja. Mkopo wa HELB au basari ya kaunti ikishindwa kumtambua mwanafunzi, fedha hukwama, na karani ndiye hutumwa kufumbua fumbo hilo. Mzazi alinganishe hati zote mapema, na penye tofauti atafute kiapo cha kisheria kabla kijana hajapanda basi.

La pili ni kuandika. Utalii ulipoanguka mwaka 2020, baba wengi walipoteza kazi hotelini, na watoto wao wakaacha kurudi chuoni kimya kimya, kwa haya. Kimya hicho kina gharama. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo, na mwanafunzi aliyeandika barua akaeleza shida yake nafasi yake huhifadhiwa kwa mujibu wa kanuni. Asiyeandika huonekana ametoroka, na siku atakapopata karo huenda asipate tena jina lake katika orodha. Karatasi moja iliyopokelewa na kugongwa muhuri inaweza kuokoa miaka minne ya kijana.

La tatu ni kutunza risiti na nakala. Faili hupotea hata pasipo maradhi, na aliye na nakala yake hamlazimishi mtu kukumbuka.

La nne ni adabu. Tumezoea kumwita mhadhiri “Profesa” kwa heshima, kisha tukifika dirisha la karo tunagonga kioo kwa sarafu. Mtu aliye nyuma ya dirisha hilo anahudumia foleni ndefu, na huenda ndiye aliyemtafutia mtoto wako kitanda mwaka ambao vitanda vilikuwa nusu. Salamu nzuri haigharimu kitu, na kijana anayemwona mzazi wake akimsalimu karani kwa heshima huondoka na somo ambalo halimo katika ratiba yoyote.

Yaliyotokea Kakamega yalitokea pia Pwani, katika Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kwa amri zile zile na mita ile ile moja na nusu. Kafyu iliondolewa nchini tarehe 20 Oktoba 2021, na taifa likashangilia. Katika masjala za vyuo kazi iliendelea baada ya hapo: mihula iliyobanwa, mahafali yaliyochelewa, alama zilizongojwa. Ikiwa mwanao alihitimu katika miaka ile na cheti chake kimo kabatini kwako, kitoe ukitazame. Jina lake limeandikwa sawasawa kwa sababu kuna mtu, usiyemjua, aliyelihakiki akiwa amevaa barakoa.