‘Un flic’: Njagu, jambazi na mwanamke aliye kati yao

Na Mwandishi Wetu

ASKARI anamfyatulia risasi rafiki yake alfajiri, mbele ya hoteli jijini Paris. Rafiki huyo ni jambazi, naye ameingiza mkono ndani ya koti lake kana kwamba anatoa bastola. Anapoanguka, inabainika kwamba hakuwa na silaha yoyote.

Hivyo ndivyo inavyofikia ukingoni filamu ya Kifaransa iitwayo Un flic, iliyotoka mwaka 1972 chini ya uongozaji wa Jean-Pierre Melville. Tangu wakati huo watazamaji wamekuwa wakijiuliza swali moja: je, askari yule alitimiza wajibu wake, au aliua?

Neno ‘flic’ ni la mitaani. Mfaransa hulitumia kumtaja polisi kama vile kijana wa Dar es Salaam asemavyo njagu, na wa Nairobi asemavyo karao.

Njagu mwenyewe ni Edouard Coleman, mpelelezi mwenye cheo cha kamishna, anayeigizwa na Alain Delon. (Cheo hicho nchini Ufaransa hakina ukubwa unaosikika Afrika Mashariki, kamishna wa huko hutoka mwenyewe usiku kukagua maiti na kukimbizana na wezi.)

Jambazi ni Simon, mmiliki wa klabu ya usiku, anayeigizwa na Mmarekani Richard Crenna. Wapenzi wa filamu za mapigano watamkumbuka kwa sura nyingine: ndiye aliyekuja kuwa Kanali Trautman, mkuu wa zamani wa Rambo, kuanzia mwaka 1982.

Kati yao yuko Cathy, yaani Catherine Deneuve. Ni mwanamke wa Simon, na kwa siri ni hawara wa Coleman. Filamu haisemi waziwazi kama Simon anajua. Mtazamaji huachiwa macho ya wahusika, na macho hayo yanatosha kumtia shaka.

Kisa kinaanzia mbali na Paris, katika mji wa pwani wa Saint-Jean-de-Monts. Mvua inanyesha, upepo unavuma kutoka baharini, na maghorofa ya wageni wa likizo hayana mtu. Wanaume wanne wanavamia benki. Mtumishi mmoja wa benki anakaidi, risasi zinarindima, na mmoja wa majambazi anajeruhiwa.

Fedha hizo ni mtaji tu. Shabaha yao kubwa ni masanduku ya dawa za kulevya yanayosafirishwa kwa treni ya usiku kutoka Paris kwenda Lisbon.

Majeruhi amelazwa hospitalini, na majambazi wanahofu kwamba polisi wakimpata atataja majina. Anayetumwa kummaliza ni Cathy. Anaingia akiwa amevaa sare ya muuguzi, anamdunga sindano, kisha anaondoka. Deneuve ana dakika chache tu katika filamu nzima, lakini baada ya tukio hilo hakuna awezaye kumwita pambo. Mwanamke anayelala na mpelelezi ana damu mikononi kuliko wengi wa wale wanaosakwa.

Wizi wa ndani ya treni unachukua takriban dakika 20, karibu bila mazungumzo. Simon anashushwa kwa kamba kutoka katika helikopta, anabadili nguo, anachana nywele, anafungua mlango kwa sumaku, anachukua mzigo na kurudi juu. Ni kweli kwamba helikopta na treni vinavyoonekana kwa mbali ni vya mfano, na jicho lolote litavitambua. Wapo waliomcheka Melville kwa hilo. Hata hivyo, kinachoshika pumzi ya mtazamaji si helikopta, bali utulivu wa mtu anayechana nywele huku dakika zikimponyoka.

Lakini msingi wa filamu hii uko kwingine. Melville aliifungua kwa maneno yanayohusishwa na Vidocq, mfungwa wa zamani aliyekuja kuwa mkuu wa wapelelezi wa Paris mwanzoni mwa karne ya 19. Mtu huyo mmoja alizijua pande zote mbili za sheria.

Uteuzi wa Delon unakwenda njia hiyohiyo. Mwaka 1967 Melville alimpa nafasi ya muuaji wa kukodiwa katika Le Samouraï, na mwaka 1970 nafasi ya mfungwa aliyeachiwa huru katika Le Cercle rouge. Katika Un flic sura ni ileile, baridi ni ileile, na ukimya ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa yuko upande wa sheria.

Ndiyo maana tukio la Coleman, Simon na Cathy kukaa pamoja klabuni wakinywa lina uzito kuliko milio ya risasi. Coleman anamfahamisha mwenyeji wake kwamba mmoja wa genge amekwisha kusema. Baina ya marafiki, huko ni kumpa nafasi ya kukimbia. Baina ya askari na mhalifu, ni kumtega. Pengine ni vyote viwili.

Kwa hiyo, Simon anapoingiza mkono mtupu ndani ya koti, anajua rafiki yake atafanya nini. Amechagua mtu wa kumuua. Cathy anatazama akiwa kando ya gari, hasemi neno. Coleman anaondoka na msaidizi wake. Simu ya gari inalia, naye haipokei.

Watazamaji wa Ufaransa hawakuipokea filamu hii kwa shangwe. Le Cercle rouge iliuza tiketi zaidi ya milioni 4 nchini humo. Un flic haikufikisha hata nusu ya hizo. Wahakiki nao waliiona kavu na yenye baridi kupita kiasi.

Melville hakupata muda wa kuwajibu kwa filamu nyingine. Alifariki ghafla Agosti 2, 1973, akiwa mezani katika mgahawa mmoja wa Paris, na umri wa miaka 55. Crenna alifariki mwaka 2003, na Delon Agosti 18, 2024, akiwa na miaka 88.