Biashara ya picha za ngumi: mwenye sura hulipwa nini?

Fedha za ngumi haziishii mlangoni kwa mkata tiketi. Sehemu kubwa imo kwenye picha, na kijana wa Luberizi au Bukavu, huku Kivu Kusini nchini Kongo, anayevaa glovu leo aijue hesabu hiyo kabla hajatia sahihi mkataba wowote.

Soko hili lilinawiri London mwanzoni mwa karne ya 19. Ngumi kavu zilikuwa haramu, zikapiganwa mashambani, mbali na mahakimu. Magazeti yalikuwa karibu hayana picha, na pengo hilo likawa mtaji wa wachapaji. Mchoro ulichorwa kwenye bamba la shaba, ukatiwa wino na kupigwa chapa nakala kwa nakala; zilizotiwa rangi kwa mkono ziliuzwa ghali zaidi.

Septemba 28, 1811, huko Thistleton Gap, Uingereza, Tom Cribb alimshinda Tom Molineaux, Mmarekani mweusi, mbele ya maelfu ya watazamaji. Thomas Rowlandson alilichora pambano hilo. Mwaka 1812 Robert Dighton alichora na kuchapisha picha ya Molineaux.

Faida ilikuwa ya nani? Sheria ya Uingereza ya 1735 ilimlinda mwenye bamba, mradi jina lake na tarehe viandikwe juu yake. Mwenye sura hakupewa haki yoyote. Molineaux alifariki fukara Galway, Ireland, mwaka 1818.

Kinshasa, Oktoba 30, 1974, hesabu ilibadilika. Muhammad Ali na George Foreman waliahidiwa dola milioni 5 kila mmoja. Pambano lao lilianza alfajiri ili Wamarekani walitazame usiku kwenye kumbi za sinema zilizolipiwa: saa ya jukwaani ilipangwa na soko la picha. Safari hii mabondia walikubaliana malipo kabla ya kengele kulia.

Hapo ndipo penye funzo kwa Kivu Kusini. Sheria ya Kongo ya Aprili 5, 1986 kuhusu haki za mtunzi humlinda mpiga picha kama mtunzi wa kazi yake. Fungu la bondia basi liandikwe mkatabani: video itauzwa wapi, bango litatumika muda gani, naye atapata asilimia ngapi. Viongozi wa klabu wawasomee vijana vipengele hivyo kwa Kiswahili, kimoja kimoja, kabla ya kamera kuwashwa.