Mstari Ukatike Wapi?

Wahenga walisema kwamba penye wengi pana mengi. Naam, na penye wengi wanaoandika ukurasa mmoja, miongoni mwa hayo mengi kuna jambo linaloonekana dogo kama punje ya mtama: mstari ukatwe wapi, na ukatwe kwa alama gani? Nataka nilieleze jambo hili polepole, kwa sababu linagusa mashairi yetu na vilevile alama zetu za mtihani.

Kwanza tujue wiki ni nini. Ni ukurasa wa kompyuta ambao wengi wanaweza kuufungua, kuusoma na kuusahihisha hapo hapo. Aliyeanzisha wiki ya kwanza ni Mmarekani Ward Cunningham, mwaka wa 1995. Jina alilitoa katika lugha ya Hawaii, ambako "wiki" maana yake ni haraka. Mwaka wa 2001 ikazaliwa Wikipedia, na mwaka wa 2003 ikafuata Wikipedia ya Kiswahili. Chama chetu hapa Nyeri nacho kina ukurasa wa namna hiyo wa mashairi, ambao tunauandika pamoja na wenzetu wa Karatina na Nanyuki.

Sasa tazama ubeti huu nilioutunga kwa ajili ya makala haya:

Mvua yanyesha Nyeri, mawingu yafunga njia,
Baridi nayo hodari, mifupani yaingia,
Mkulima yu tayari, jembe ameshikilia,
Mvua kwetu ni heri, mashamba yafurahia.

Hii ni tarbia. Ina mishororo minne, na kila mshororo una vipande viwili, yaani ukwapi na utao, vyenye mizani nane nane. Vina vya kati ni "ri" na vya mwisho ni "ia". Mwanafunzi yeyote wa shule ya sekondari ataona hayo bila taabu.

Lakini uandike ubeti huo katika wiki ya Wikipedia, ukibonyeza kitufe cha Enter mara moja tu mwisho wa kila mshororo. Ukihifadhi, loo! Mishororo yote minne imeshikana kama ugali, imekuwa aya moja. Kwa nini? Kwa sababu programu inayoendesha Wikipedia, iitwayo MediaWiki, huhesabu Enter moja kuwa ni nafasi tu kati ya maneno mawili. Ukibonyeza mara mbili, inaelewa kwamba umeanza aya mpya, kwa hiyo inaacha pengo kubwa. Mishororo inakaa mbalimbali kama watu waliogombana. Na ukianza mstari kwa kuacha nafasi, maneno yako yatatiwa ndani ya kisanduku chenye herufi za mashine ya chapa. Jamani!

Hapo ndipo kila mtu huja na dawa yake. Mmoja anaweka 
, alama ya lugha ya HTML inayosema "kata mstari hapa". Wa pili anaweka 
. Wa tatu anaweka </br>. Wa nne anaona mkato katikati ya mshororo, anadhani ni mwisho, anakata hapo pia, na ubeti unakuwa na mistari minane.

Ubishi wa hao wawili wa kwanza una historia yake. Alama ya 
 ni ya tangu miaka ya 1990. Mwaka wa 2000 ilitoka XHTML, sheria kali zaidi iliyotaka kila alama inayofunguliwa ifungwe. Kwa kuwa 
 haina kitu cha kufungia ndani, ikaongezewa mkwaju ikawa 
. Kisha mwaka wa 2014 HTML5 ikapitishwa rasmi, ikakubali zote mbili. Kwa hiyo hakuna aliyekosea kati yao. Ile </br> ndiyo kosa, hata kama vivinjari huivumilia na kukata mstari.

Pengine utaniuliza, "Kama mashine inakubali zote mbili, kelele za nini?" Jibu ni kwamba ukurasa hausomwi na mashine peke yake. Mwenzako atakayekuja kuurekebisha atakuta alama za aina tatu katika ubeti mmoja, na hatajua kama zina maana tofauti au ni mapenzi ya mwandishi. Akianza kuzibadilisha zote ili zifanane na zake, mwingine atazirudisha. Siku nzima inaisha na hakuna hata shairi moja jipya.

Msomaji naye anaumia. Mtahiniwa wa karatasi ya fasihi huulizwa kuhusu arudhi: mishororo mingapi, vipande vingapi, mizani mingapi. Aliyezoea ubeti ulioshikana kuwa aya atafikiri ni shairi huru. Aliyezoea ule wa mistari minane ya mizani nane nane ataona mizani ya utenzi, ashangae mbona vina havifuati. Mshairi hajakosea. Aliyekata mstari ndiye aliyebadilisha bahari ya shairi bila kugusa neno hata moja.

Tatizo hili halikuanza na kompyuta. Katika miswada ya zamani ya pwani iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ubeti wa utenzi mara nyingi ulitandazwa katika mstari mmoja wa karatasi, vile vipande vinne vikitenganishwa kwa alama. Vitabu vya hati za Kirumi vilipochapishwa, vipande hivyo vikapangwa kimoja chini ya kingine. Ubeti ni ule ule, lakini macho yanaona vitu viwili. Kwa hiyo anayenakili lazima aulize: huu mwisho wa mstari ni wa mshairi, au ni wa karatasi?

Simu imeleta jambo lile lile. Kioo ni chembamba, na mshororo wa mizani kumi na sita haukienei, basi simu inaukata yenyewe. Huo si mwisho wa mshororo, usiufuate!

Haya ndiyo ninayopendekeza tuyafuate. Kwanza, kila shairi lianzwe kwa <poem> na limalizwe kwa </poem>. Mahali ambapo wiki ina programu hiyo ya ziada, kama ilivyo Wikipedia, Enter moja itakata mstari mmoja, nasi hatutahitaji 
 hata kidogo. Pili, mshororo mmoja uwe mstari mmoja, na vipande vitenganishwe kwa mkato tu. Tatu, aya za kawaida zitenganishwe kwa kuacha mstari mtupu, si kwa kurundika 
 mbili. Nne, pale ambapo 
 haiepukiki, kwa mfano ndani ya jedwali, fuata ile uliyoikuta katika ukurasa. Ukurasa ukiwa mpya, tumia 
, kwa maana ni fupi. Tano, usikate mstari ili upendeze katika kioo chako, kwa sababu kioo cha mwenzako si chako.

Tazameni mashamba ya Othaya na Mathira yaliyo kwenye miteremko. Mkulima akichimba matuta, jirani yake huyaendeleza pale yalipoishia, kwa kimo kile kile. Hata kama angependa tuta lake liwe juu kidogo, akilipandisha peke yake maji ya mvua yatapita katika ule mwanya na kuchimba korongo, na udongo wa wote wawili utaishia mtoni. Alama zetu ni matuta hayo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi ndugu yangu, kabla ya kuongeza shairi lako, soma kwanza lililotangulia uone limekatwa vipi. Nawatakieni kila la heri katika masomo, na ukurasa wetu unangoja tungo zenu.