Mwenyekiti wa Kikao: Mlinzi wa Muda na wa Hoja

Utafiti haukamiliki maabarani. Matokeo yake hayana budi kuelezwa mbele ya wataalamu wengine, yapate kuhojiwa, kukosolewa na kupimwa. Kazi hiyo hufanyika katika makongamano, na kila kikao cha kongamano huhitaji mwenyekiti. Aghalabu waandaaji huomba watu wajitolee, pasipo malipo. Kwa nini basi mtaalamu mwenye shughuli nyingi akubali?

Hesabu ya dakika

Tuchukue mfano. Kikao kimepangiwa saa mbili, na watoa mada ni sita. Kila mmoja ana dakika 20, yaani 15 za kueleza na 5 za maswali. Ikiwa kila mmoja wa watano wa kwanza atazidisha dakika 3 tu, dakika 15 zitakuwa zimekwisha kupotea, na wa sita atabakiwa na dakika 5. Huenda huyo ni mtafiti mchanga aliyesafiri siku nzima kwa ajili ya dakika zake 20. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu, lakini amedhulumiwa. Mwenye mamlaka ya kuizuia dhuluma hiyo ni mwenyekiti.

Wajibu wake

Mwenyekiti hodari huanza mapema. Husoma ikisari za mada zote, hukutana na watoa mada kabla ya kikao, hujifunza kuyatamka majina yao, na huwaeleza jinsi atakavyowaashiria muda ukikaribia kwisha. Huandaa swali moja kwa kila mada, kwani ukimya wa wasikilizaji huweza kumvunja moyo mgeni. Muulizaji anayegeuza swali kuwa hotuba hukatizwa kwa adabu. Mtoa mada asipofika, haifai kumtanguliza anayefuata, kwa maana wapo wanaohama ukumbi hadi ukumbi kwa kufuata ratiba.

Mfano wa Lorentz

Mwaka 1911 wanafizikia mashuhuri walikutana Brussels, Ubelgiji, katika Mkutano wa kwanza wa Solvay, kujadili mnururisho na nadharia ya kwanta. Mwenyekiti alikuwa Hendrik Lorentz wa Uholanzi. Alimudu Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza, hivyo aliweza kumfafanulia mmoja hoja ya mwingine. Yeye mwenyewe alikulia katika fizikia ya kale. Hata hivyo, waliotetea mawazo mapya walipata nafasi ya kusikilizwa. Aliongoza mikutano mitano ya kwanza, hadi ule wa mwaka 1927, ambapo Einstein na Bohr walihitilafiana juu ya maana ya nadharia hiyo. Alifariki mwezi Februari 1928.

Hapo ndipo ilipo faida ya kujitolea. Mwenyekiti hulazimika kuzielewa kazi za wengine kwa undani, na hufahamiana na watu ambao pengine asingekutana nao.

Shuleni

Stadi hii haingoji shahada. Katika mjadala wa chama cha sayansi, mwalimu aweza kumkabidhi mwanafunzi saa na kiti cha mwenyekiti, na juma linalofuata akamkabidhi mwingine. Ajifunze kumnyamazisha rafiki yake muda unapokwisha, na kumpa nafasi kamili yule asiyekubaliana naye. La pili ndilo gumu zaidi, na sayansi hulihitaji kila siku.